Boksi za pembe sita kwa nati zilizoshikwa na kutu: nilivyoziona kwenye Probox hapa Kigoma

Wakuu habari za mihangaiko. Hii ni kwa wale tunaofungua magari yetu wenyewe uani, hasa sisi wa mwisho wa reli ambao bolti moja ikikatika unaweza kusubiri basi la kutoka Dar ndo likuletee nyingine. Nilinunua seti ya boksi spana za pembe sita, zile nene nyeusi za kuingilia mpini wa nusu inchi, kuanzia milimita 10 mpaka 24, nimezitumia kwenye kazi ya kushusha shokapu zote nne za Toyota Probox yangu, linki za stablaiza (vifimbo vya kusaidia gari isilale sana kwenye kona) na egzosti, halafu jirani yangu akaziazima kwa ajili ya pikapu yake inayobeba chumvi ya Uvinza na huko ndo zilipimwa kweli kweli. Kwahiyo naongea kitu nilichokishika mkononi.

Niseme mapema kabisa. Kama una hela ya kitu kimoja tu kati ya boksi za pembe sita na kopo la dawa ya kutu, chukua boksi. Najua wengi watabisha maana ukiuliza popote nati imegoma jibu la kwanza ni "puliza dawa", lakini dawa haiwezi kukuokoa kama spana yako inakula pembe za nati. Nati yenye kutu lakini pembe zake nzima bado ina njia nyingi za kutoka. Ikishakuwa duara, umeingia kwenye habari za tindo, grenda na fundi wa welding, na kila hatua hapo inaongeza gharama na hatari.

Sasa tofauti yenyewe iko wapi. Ukichungulia ndani ya boksi nyingi zinazouzwa madukani utakuta pembe kumi na mbili, na muuzaji atakwambia "kaka hizi ndo kila mtu anachukua, inaingia upesi". Ni kweli inaingia upesi, unaigeuza nyuzi 30 tu imekaa wakati ya pembe sita inataka nyuzi 60, kwahiyo kwenye sehemu ya kubana ringi spana ya pembe kumi na mbili ina faida yake na mimi bado naitumia kwenye nati nzima. Tatizo ni kwamba inaishika nati karibu kabisa na pembe, sehemu ndogo sana, na nati iliyoliwa na kutu imeshapungua unene, hivo ukivuta kwa nguvu boksi inapanda juu ya pembe na kuisaga. Ya pembe sita inasukuma kwenye ubavu wa nati, kwenye chuma kipana, na ukuta wake mnene haupanuki ukivuta. Ndo maana hata nati ambayo imeshaanza kuharibiwa na mtu mwingine bado inaweza kuikamata.

Na kwenye Probox yangu zilikuwepo za hivo. Gari niliinunua kwa mtu, na nati ya chini ya shokapu ya nyuma kulia ilikuwa imeshachezewa na fundi mmoja huko nyuma, pembe mbili zimelala kabisa. Boksi yenye saizi yake ilikuwa inacheza. Nikachukua ndogo yake kwa namba moja, nikaipigilia kwa nyundo mpaka ikakaa imebana, na hapo ndo unaona faida ya hizi nyeusi, maana zimetengenezwa kwa chuma cha kuvumilia kupigwa, sio zile nyeupe zinazong'aa ambazo ni ngumu lakini ukizitumia na mashine ya upepo au nyundo zinaweza kupasuka na kipande kikakurukia usoni. Nati ikatoka. Boksi ikabaki na nati ndani, nikaigonga kwa upande wa pili na bolti ya zamani ikaachia. Boksi haikuwa na ufa wala kupanuka.

Watu wananiuliza kutu yote hii inatoka wapi wakati ziwa letu ni maji baridi, sio kama Dar au Tanga ambako upepo wa bahari unakula magari. Sababu mojawapo kwa hizi gari zetu za mtumba ni Japani kwenyewe. Kule kaskazini, Hokkaido na mikoa ya theluji, kipindi cha baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na ile chumvi inarushwa na matairi mpaka kwenye kila kona ya chini ya gari. Gari inakuja imepigwa rangi nyeusi chini inapendeza, unainunua, halafu mvua zetu zinaanza, udongo mwekundu unashika juu ya bolti unakaa na unyevu wiki nzima, na kutu iliyokuwa imelala inaamka. Kwahiyo ukienda kukagua gari kabla hujalipa, lala chini uangalie bolti za shokapu na flenji za egzosti (zile sahani za maungio). Bolti iliyovimba kama muhogo uliooza, jua kazi ipo.

Pikapu ya jirani yeye stori yake ni nyingine, ni chumvi ya hapahapa. Magunia yakiloa maji ya chumvi yanachuruzika kupitia sakafu ya bodi yanashuka kwenye springi na yubolti (zile bolti za umbo la U zinazoshika springi). Chumvi inavuta unyevu, kwahiyo hata kiangazi chuma hakikauki vizuri. Na kutu ina tabia mbaya, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivo ikitokea katikati ya nyuzi za nati na bolti inajaza ile nafasi ndogo yote na kubana. Nati haijafungwa sana na mtu, imefungwa na kutu yenyewe. Ndo maana kuvuta tu kwa nguvu hakusaidii, inabidi ile kutu ivunjwe kwanza.

Hapo sasa ndo dawa inapata kazi yake, na hapa nina la kusema kuhusu makopo. Kopo maarufu kila mtu analijua, WD-40, lilitengenezwa mwaka 1953 kule San Diego Marekani kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye vyuma vya maroketi. Ni kitu kizuri, mimi nalitumia kwenye bawaba, kwenye plagi zilizoingia maji, kwenye kusafisha. Lakini kazi ya kupenya ndani ya nyuzi zilizoganda ni kazi ya mafuta mepesi ya kupenya, na kampuni hiyohiyo inauza kopo jingine maalumu kwa kazi hiyo. Kwahiyo ukifika dukani usiseme tu "nipe dawa ya kutu", soma kopo limeandikwa nini, tafuta lililoandikwa ni la kupenya, penetrating.

Ukikosa, kuna mchanganyiko wa uani ambao unafanya kazi vizuri sana. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki yale mekundu, nusu, na asetoni nusu. Asetoni ndo inayoyafanya yawe mepesi mpaka yanapenya, halafu yenyewe inapaa inaacha mafuta ndani. Tikisa kila unapotumia kwasababu havikai pamoja, vinajitenga. Weka kwenye chupa ya kioo au bati maana baadhi ya plastiki zinayeyuka, fanyia nje penye hewa, na usisogeze sigara wala jiko la mkaa karibu, asetoni inawaka kwa kasi ya kutisha. Isiguse rangi ya gari wala mipira. Oili chafu ambayo watu wanaipenda kwasababu ni ya bure ni nzito, inakaa juu tu, haipenyi. Dizeli au mafuta ya taa ni afadhali kidogo. Na kuna wanaosema mawese, jamani mawese ya Kigoma nayaheshimu lakini yanaanza kuganda joto likishuka kidogo tu, sasa yataingiaje kwenye nyuzi.

Kinachowashinda wengi sio dawa, ni subira. Unapuliza, unahesabu dakika mbili unaanza kuvuta. Hapana. Kwanza brashi ya waya, sugua nyuzi zote zinazoonekana nje ya nati mpaka uone chuma, kwasababu nati itatembea juu ya zile nyuzi na kama zimejaa uchafu itakwama njiani hata ikishaachia. Halafu dawa. Halafu nyundo, piga kichwa cha bolti makofi ya wastani, mtikisiko unapasua kutu na kuruhusu dawa kuingia. Halafu iache. Mimi napaka jioni, naongeza usiku kabla ya kulala, asubuhi naongeza tena kabla ya chai. Nati ambayo jioni ilikuwa kama imechomelewa, asubuhi inalia "kri" na kuachia. Na ukianza kuvuta jaribu kwanza kuikaza kidogo sana, kidogo tu, ile kuvunja kutu, ndo uirudishe. Ikishaanza kuzunguka usiitoe moja kwa moja, ifungue nusu mzunguko irudishe robo, ongeza dawa, fungua tena. Ikianza kuwa nzito na kupata moto simama, irudishe, dawa tena. Bolti nyingi zinakatika hapa, mtu ameshafurahi imeachia anaanza kuikimbiza.

Tena angalizo kubwa kwenye breki. Usipulize hizi dawa karibu na diski na pedi, breki zitakosa kushika. Na mafuta ya aina hii yakiingia kwenye mipira ya kalipa yanaivimbisha, ile mipira inapatana na mafuta ya breki tu. Kile kinati kidogo cha kutolea upepo kwenye kalipa kikigoma, tone moja mwanzoni mwa nyuzi zake kwa kijiti, vifute vinavyobaki, na kitumie boksi ya pembe sita bila utani kwasababu ni kidogo, kina tundu katikati, kikikatika umenunua kalipa.

Turudi kwenye boksi na mpini wake. Seti yangu imekuja na mpini mrefu wa kama sentimita 60 usio na racheti, na huo mpini ndo nusu ya thamani ya seti. Usivunje nati ngumu kwa racheti, meno yake ya ndani yataondoka. Ila mpini mrefu unataka akili. Ukitundika uzito wa kilo 50 kwenye mwisho wa mpini wa sentimita 60 umeweka karibu Nm 300 kwenye nati (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Nati za tairi kwenye gari nyingi ndogo za Toyota zinatakiwa Nm 103, bolti ya unene wa milimita 10 ya kawaida inafungwa kwenye 50 hivi, ya milimita 8 kama 25. Kwahiyo kwenye bolti ndogo yenye kichwa cha 12 huo mpini utaikata kabla hujasikia chochote mkononi. Mpini mrefu ni wa 17 kwenda juu, zile ndogo tumia mpini mfupi, dawa, na muda. Na wale wanaoongeza bomba juu ya mpini sina ugomvi nao kwenye nati za tairi ambazo vijana wa pancha wamezifunga kwa mashine ya upepo mpaka basi, lakini sio kwingine.

Gari iwe juu ya stendi au magogo mazito yaliyotulia, jeki peke yake haifai kabisa na tofali ndo usiguse maana linapasuka ghafla. Unapovuta kwa mwili mzima gari yote inatikisika, na wewe uko chini yake.

Linki za stablaiza zina shida yao. Unazungusha nati, pini nzima inazunguka nayo. Katikati ya pini kuna tundu la alen ki (ule ufunguo wa chuma wa pembe sita) la kuizuia isizunguke, lakini limejaa kutu. Lichokonoe kwa msumari mpaka chini, puliza, halafu gonga alen ki iingie yote. Hapa boksi haifai kwasababu inafunika lile tundu, unahitaji ringi spana, ya pembe sita kama utaipata. Kama linki unatupa na kuweka mpya usijisumbue sana, kata kwa msumeno wa chuma. Mimi moja nilikata na ilikuwa haraka kuliko kubembeleza.

Egzosti ndo ilinitoa jasho. Bolti zake zinapashwa moto na kupoa kila siku, pale kutu na moto vimeungana, dawa inafika mahali inaishia. Zile stadi mbili za flenji (bolti zisizo na kichwa) nilimpelekea fundi wa gesi huku Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, kijana mtulivu, na nampongeza hadharani kwasababu alifanya vile inavyotakiwa, alipasha nati, sio bolti. Nati ikipashwa inapanuka, kwenye nati ya milimita 12 ukiipandisha nyuzi joto 280 tundu lake linaongezeka kama milimita 0.04, unaweza kuona ni kidogo lakini ndo ile nafasi ambayo kutu iliijaza. Akaipasha mpaka ikawa na wekundu hafifu, akaiacha ipoe kidogo, boksi yangu ikaingia, ikatoka. Kabla ya kuwasha alifuta dawa yote niliyokuwa nimepuliza na akaniuliza tenki la mafuta liko upande gani. Fundi asiyeuliza hilo swali mwondokee. Na usimruhusu mtu apashe moto karibu na shokapu, ndani kuna mafuta na nyingine zina gesi ya presha, wala karibu na bushi za mpira. Kama eneo lilipuliziwa dawa ya kusafishia breki ndo kabisa usiwashe moto, zipo zenye klorini ambazo zikiungua zinatoa hewa ya sumu inayoua.

Ile pikapu ya chumvi, yubolti za springi ya nyuma nne, tatu zilitoka kwa boksi na dawa na usiku mzima wa kungoja. Ya nne ilikatika. Ilikuwa imeliwa katikati imebaki nyembamba, na kwakweli ni heri ilikatika uani kuliko pale kwenye mteremko na mzigo. Hapa ndo nasisitiza watu waangalie namba kichwani mwa bolti wanapobadilisha. Bolti nyingi zina namba kama 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ni nguvu ya chuma, 8 maana yake MPa 800 hivi (MPa ni kipimo cha nguvu ya kuvuta ambayo chuma kinahimili), na ya pili inakwambia itavumilia asilimia ngapi ya hiyo nguvu kabla ya kuvutika isirudi kama mwanzo, hapo 80. Toyota pia wanaweka alama zao. Bolti isiyo na namba yoyote unayookota kwenye ndoo dukani mara nyingi ni chuma laini, inafaa kwenye geti la nyumba, haifai kwenye shokapu wala springi. Muuzaji akisema "zote sawa tu mzee", mshukuru ondoka.

Wakati wa kurudisha, weka grisi kwenye nyuzi. Kwenye egzosti grisi ya kawaida inaungua, tafuta ile ya kopa, yenye unga wa shaba. Ila ukiweka grisi nati inateleza, inafika kwenye mkazo haraka zaidi, kwahiyo usivute kama ulivyozoea. Nati za tairi mimi siweki, nasafisha kwa brashi tu.

Kasoro za seti yenyewe sasa. Ukuta mnene unaosaidia nguvu unakataa kuingia sehemu za kubana, kwenye Probox kuna bolti moja ya mbele ambako boksi nyeusi ya 14 haikuingia kabisa nikatumia nyembamba nyeupe. Hakuna boksi ndefu hata moja kwenye hii seti, na kwenye yubolti ambako bolti inachomoza nje ya nati unahitaji ndefu, hilo limeniudhi maana watengenezaji wanajua. Boksi ndefu ya 17, 19 na 21 inabidi uzinunue peke yake. Sanduku lake la plastiki ni dhaifu, kishikizo kimeshapasuka. Rangi nyeusi inachubuka na hizi zenyewe zinashika kutu, kwahiyo zifute na oili kila ukimaliza, usiziache kwenye nyasi usiku. Na bei iko juu kama mara mbili ya seti ya kawaida ya pembe kumi na mbili, ila ile ya kawaida ina vipande vingi ambavyo hutavigusa.

Naipa nyota nne kati ya tano, nyota iliyokatwa ni ya boksi ndefu. Kwa mwenye bajeti ndogo, usinunue seti, nunua moja moja, 12, 14, 17, 19 na 21 za pembe sita na mpini mrefu, kwenye gari ndogo za Toyota utakuwa umegusa karibu kila kitu cha chini pamoja na nati za tairi. Hapa Mwanga maduka ya vifaa yanazo lakini zinakaa nyuma, usipoomba hutaonyeshwa, mwambie akuletee ya pembe sita na uingize kidole ndani uhesabu mwenyewe kabla hujalipa. Mlioko Tabora au mnaopita Dar, Gerezani Kariakoo zipo nyingi, jaribu kila moja kwenye mpini palepale dukani maana kuna zinazoingia zikicheza, na hizo muachie.